Takwimu Zisemwe Pamoja na Mipaka Yake

Kuna mazoea yaliyoota mizizi magazetini na hata madarasani: mtafiti hutoa kadirio, nasi tukalipokea kana kwamba ni hesabu ya vidole vya mkono. Mimi ni mwanaisimu wala si tabibu, lakini naona kwamba kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la tiba. Mfano wake uko hapa hapa Kilifi.

Kati ya mwaka 1993 na 1995, watafiti wa KEMRI na wenzao waliyagawa maeneo ya Kilifi kwa kura: mengine yakapewa vyandarua vilivyotiwa dawa, mengine yakaachwa bila. Matokeo yakachapishwa mwaka 1996: vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Wengi huishia hapo. Watafiti wenyewe hawakuishia hapo. Walieleza kwamba upungufu wa kweli waweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 51.

Upana huo si uzembe. Vifo ni vichache vikilinganishwa na wingi wa watoto, na jambo lililo chache huyumbishwa na bahati. Isitoshe, kilichopigiwa kura ni eneo, si mtoto mmoja mmoja; watoto wa eneo moja huumwa na mbu wale wale, hivyo ushahidi wa watoto mia haufikii mia.

Je, watafiti hawakujua kitu? La hasha! Hata asilimia 7 ni uhai uliookolewa. Aidha, Ghana jaribio kama hilo lilionyesha asilimia 17, na majaribio ya Afrika yalipojumlishwa baadaye, kadirio lilitua hapo hapo. Basi aliyeishika 33 peke yake aliahidi kupita kiasi. Na anayekataa chandarua kwa kuwa "wataalamu hawana hakika" hukosea zaidi.

Kiswahili hakikutupungukia. Tuna "yamkini", "huenda", "aghalabu" na "takriban", kila neno na uzito wake. Walimu wasiyafundishe kama mapambo ya insha, bali kama vipimo. Na mwanafunzi akisoma takwimu aulize: kati ya ngapi na ngapi? Wapi? Lini? Maana mbu wengi wa leo wameizoea dawa, na kadirio la mwaka 1996 halirithiwi bila kupimwa upya.