Sheria Si Mali ya Watawala



Wapo wanaotuambia kwamba vyama vingi vilikuwa zawadi ya KANU mnamo Desemba 1991. Sisi tunakataa. Kifungu 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, hakikufutwa kwa huruma ya mtu. Kilifutwa kwa sababu walikuwapo waliosema, walioandika na waliolala korokoroni. Mmoja wao ni wakili Gitobu Imanyara, ambaye maisha yake yanatufunza jambo moja: sheria ikiachiwa wakubwa peke yao, hugeuka kamba ya kumfungia mnyonge.

Mwaka 1987 Imanyara alianzisha jarida la The Nairobi Law Monthly. Tuzikumbuke zama zile. Mwaka 1988 wapigaji kura walipangwa mlolongo kama mifugo mnadani, na mwaka huo huo Bunge likampa Rais uwezo wa kuwaachisha majaji kazi apendavyo. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu 84, kilichompa raia njia ya kudai haki zake mahakamani, hakitumiki kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni zake. Haki zimo nyumbani, mlango umefungwa, na ufunguo umo mfukoni mwa aliyeteuliwa na Rais!

Wengi walimeza mate wakanyamaza. Imanyara alichapisha. Alichapisha hoja za kisheria na mjadala wa vyama vingi, ili msomaji aamue mwenyewe. Hilo ndilo lililowatia watawala kiwewe. Julai 1990, katika siku zile za Saba Saba, alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Septemba jarida likapigwa marufuku. Oktoba Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo. Machi 1991 alikamatwa tena, akazuiliwa hadi Mei. Mwaka huo wachapishaji wa magazeti duniani walimtunuku Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Serikali yake ilikuwa imemtunuku seli. Naye alichochea nini? Alichochea watu kusoma!

Wala kazi hiyo haikumalizika. Mwaka 2009, akiwa mbunge wa Imenti ya Kati, alipeleka mswada wa kuunda mahakama maalumu ya kuwahukumu wahusika wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Wabunge wenzake wakakosa kufika kwa idadi iliyotakiwa. Viti walivyoviacha wazi vilinunuliwa kwa jasho la wanamageuzi.

Leo tunayo Katiba ya 2010, ambayo vifungu vyake 33 na 34 vinalinda uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari. Hata hivyo, Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa kwa tuhuma za maandishi ya mtandaoni, akafa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Basi tunawauliza mawakili waliopanda nasi majukwaa ya mageuzi, kisha wakapata vyeo na kuanza kuwatungia wakubwa visingizio: kalamu zenu mmeziuza kwa bei gani?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Sisi tunaongeza: haki usiyoijua huwezi kuidai. Isome Katiba, msomee jirani yako, andika uliyoyaona. Mapambano yaendelee!