Alama ya Kijani Si Kinga
Mwenzetu aliyeandika kwamba ukishalipia huduma ya kukagua leseni za programu umemaliza kazi, sidhani kama aliyasoma masharti yake mpaka chini. (Wengi hubofya “Nakubali” tu.) Huko chini ndiko kwenye mambo: huduma hutolewa “kama ilivyo”, matokeo si ushauri wa kisheria, na fidia mara nyingi haizidi ada uliyolipa. Skana nyingi za huduma hizi husoma faili la leseni na orodha ya vifurushi. Kijana akinakili mistari 40 ya msimbo wenye leseni huria ya GPL na kufuta maelezo ya juu, alama ya kijani ya skana yaweza kuwaka vilevile. Na GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, haiulizi ulitumia skana gani. Inamtaka msambazaji atoe msimbo chanzo. Atautoa nani, mwenye skana?