Wakubwa wamepatana, sisi bado tunagombania maiti

Tarehe 23 Julai 2006, mjini Seoul, Baraza la Wamethodisti Duniani lilijiunga na tamko ambalo Wakatoliki na Waluteri walilitia sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Tamko hilo linasema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema ya Mungu, kwa kumwamini Kristo, wala si kwa mastahili yake. Suala hilo ndilo lililomtenganisha Martin Luther na Roma baada ya 1517, na Mtaguso wa Trento ukalitolea hukumu kali. Hapa Lubumbashi sijawahi kulisikia tamko hilo likisomwa, si misani wala ibadani.

Mimi ni mtoto wa Wamethodisti niliyeolewa kwa Wakatoliki, na ukimya huo naujua uchungu wake. Shangazi ya mume wangu alibatizwa Katoliki, akaja kuhamia kwa Wamethodisti. Kilio chake kilifanyika mtaani Katuba. Mama wa rozari walikaa upande mmoja wa ua, kwaya yetu upande wa pili. Hawa wakianza kusali, wale wanapaza wimbo. Kisha zikatoka kauli kwamba pasta akiombea jeneza, wengine hawatafika makaburini. Wazee wakajadiliana, maiti ikingoja juani, na watoto wa marehemu wakitazamana.

Uhasama huu haukuota wenyewe katika udongo wa Katanga. Frederick Arnot, mmisionari Mprotestanti kutoka Scotland, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Lakini mapatano ya 1906 kati ya dola la Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Vatikano yaliwapa mapadri ardhi, nao wakaahidi kufungua shule. Kuanzia 1910, Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto Mbelgiji, aliongoza kazi ya Kikatoliki katika sehemu zetu, wala hakuficha kwamba misheni za Kiprotestanti hakuzitaka. Ruzuku ya serikali kwa shule za Waprotestanti ilichelewa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Babu zetu wengi hawakuchagua kati ya Luther na Papa. Walichagua mahali ambapo mtoto angesoma.

Mashindano hayo yalitujengea shule na hospitali pande zote mbili, na nashukuru. Sisemi pia kwamba tofauti zimekwisha: Ekaristi, mamlaka ya Papa na heshima ya Bikira Maria bado ni mazungumzo mazito. Lakini mwaka 2025 maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC walibeba pamoja mpango mmoja wa amani, wakafika hadi Goma kuongea na wakubwa wa waasi wa M23. Kama waliweza kukaa na wenye bunduki, padri na pasta wa mtaa mmoja wanashindwa nini kukaa pamoja?

Naomba mambo mawili. Kila tarehe 31 Oktoba tamko lile lisomwe kwa Kiswahili chetu katika parokia na makanisa ya Kimethodisti. Na kila paroko akubaliane na pasta jirani yake, kabla mtu hajafa, nani ataomba lini kwenye kilio cha familia yenye makanisa mawili. Kanisa Katoliki linatambua ubatizo wa Wamethodisti; kwa hiyo aliyelala ndani ya jeneza ni Mkristo kwa pande zote mbili, na pande zote mbili zina deni la kumsindikiza.