Nifasi si eda: mzazi asifungiwe ndani na maradhi yake

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na swahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki hii nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo wanaume wengi tunaona haya kulitaja, na wanawake wengi wanalivumilia kimya kimya. Nalo ni yale yanayompata mzazi katika mwili wake baada ya wageni kuondoka na mtoto kupewa jina. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya msikiti. Mkewe alikuwa na siku 12 tangu ajifungue. Damu yake ilikuwa imepungua, ikageuka rangi ya udongo, kisha ikakatika. Akaoga josho na kuanza kusali. Jioni ile damu ilirejea, nyekundu na nyingi. Mama mkwe akamtuma kijana aje kuuliza: je, hii ni nifasi au ni istihadha? Asali au asisali?

Nilifurahi kuulizwa, kwa kuwa mlango huo niliusoma chuoni na nilikuwa naukumbuka vyema. Nikamwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ukomo wa nifasi ni siku 60, ingawa kwa wanawake wengi huwa 40. Damu ikikatika kisha ikarejea ndani ya muda huo, kabla ya kupita siku 15 za twahara, hiyo ni nifasi. Basi aache sala hadi itakapokatika. Kijana akanishukuru, akarudi kwake.

Kabla ya adhana ya Alfajiri simu yangu ililia. Alikuwa yuleyule kijana, anatafuta gari. Mkewe alikuwa amezirai chooni. Hospitali walikuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki katika mji wa mimba. Wakamsafisha na kumwongezea damu, na kwa rehema za Allah akapona. Nilipokwenda kumjulia hali, mama mkwe wake aliniambia kwa upole, bila lawama yoyote: "Ustadhi, uliposema ni nifasi, sisi tukatulia."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Jibu langu kuhusu sala lilikuwa sahihi, lakini mwenye kuulizwa hakuuliza. Sikuuliza damu hiyo ni kiasi gani. Sikuuliza kama mzazi anaona kizunguzungu. Neno "nifasi" lilikuwa hukumu ya ibada, nami nikaliacha lisikike kama cheti cha daktari.

Wasomi wa hadithi wanakijua kisa alichokisimulia Jabir bin Abdillah (R.A), cha msafiri aliyejeruhiwa kichwani kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W) alipopata habari aliwakemea kwa ukali mkubwa, akawafundisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, lakini baada ya usiku ule nilikisoma kama mtu anayesoma habari zake mwenyewe.

Ndugu msomaji, katika majumba yetu nifasi imechanganywa na eda. Mzazi anawekwa ndani siku 40, anakandwa, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Hayo ni mapenzi ya wazee wetu, na mzazi anahitaji kupumzishwa. Lakini anapolalamika, huambiwa asubiri arobaini ifike, kana kwamba sheria imemzuia kuvuka kizingiti. Mwenye kukaa eda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10, ndiye aliyewekewa mipaka ya kutoka nyumbani, na hata huyo akiugua anaruhusiwa kwenda kutibiwa. Mwenye nifasi hana mpaka huo kabisa. Bibi Asmaa bint Umays (R.A) alijifungua mtoto wake, Muhammad bin Abi Bakr, pale Dhul-Hulayfa, msafara wa Hija ya kuaga ukiwa ndiyo kwanza umetoka Madina. Mtume (S.A.W) aliagiza aoge, ajifunge nguo ya kuzuia damu, kisha ahirimie. Naye akaendelea na safari hadi Makka. Ikiwa mzazi alisafiri katika ibada, vipi azuiwe kwenda zahanati?

Vilevile arobaini si kima cha chini cha nifasi. Damu ikikatika kabla yake, mwanamke anaoga na kusali.

Sasa tuyataje mambo yenyewe, kwani mengi humshtua mzazi, hasa wa mtoto wa kwanza, ilhali si maradhi. Katika wiki za mwanzo huenda akaamka usiku amelowa jasho, kwa sababu mwili unatoa maji uliyoyahifadhi wakati wa ujauzito. Anaponyonyesha, tumbo la chini humsokota, kwa kuwa mji wa mimba unajikaza kurudi mahali pake, na msokoto huo huzidi kadiri anavyoongeza uzazi. Matiti hujaa na kuuma maziwa yanapoanza kuingia, siku chache baada ya kujifungua. Miguu yote miwili huweza kuvimba kidogo katika siku za mwanzo. Damu huwa nyekundu, kisha hufifia na kuwa kahawia, kisha ute wa rangi ya maziwa, hadi wiki ya 4 au ya 6. Baada ya miezi kama 3, nywele hukatika kwa wingi kila anapochana. Si husuda wala jicho la mtu. Huota tena zenyewe.

Lakini yapo ambayo hayangoji kesho.

La kwanza ni damu. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa, au damu iliyokuwa imefifia ikarudi nyekundu na nyingi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

La pili ni kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona vimulimuli au ukungu, au maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu. Wengi wetu tunadhani kifafa cha mimba humalizika mtoto akishazaliwa. Sivyo. Huweza kuja siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya kujifungua, na kwa mwanamke ambaye presha yake ilikuwa ya kawaida wakati wote wa ujauzito. Kipimo cha presha kikifika 140 kwa 90 au zaidi, aonane na mganga siku hiyohiyo. Degedege likishaanza, kila dakika ina thamani.

La tatu ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, uchafu wenye harufu mbaya, au mshono unaotoa usaha. Hiyo ni dalili ya uambukizo, nao huweza kuingia katika damu upesi. Homa ikiambatana na titi jekundu lenye joto na uvimbe, atibiwe huku akiendelea kunyonyesha.

La nne ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au pumzi kukatika, hasa anapolala chali. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, au moyo umedhoofika kwa uzazi.

La tano ni akili. Machozi ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida. Huzuni ikizidi wiki mbili, huo ni ugonjwa unaotibika. Na mzazi asiyelala kabisa, anayesikia sauti au kuzungumza maneno ya kumwogofya juu ya mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali upesi. Hapa ndipo tunapokimbilia kusema ni jini. Ndugu zangu, kisomo hakuna anayekikataza, Qur'ani ni shifaa. Lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali, asicheleweshwe kwa ajili ya kusomewa. Mtume (S.A.W) ndiye aliyetuhimiza kujitibu, akatufahamisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Wapo watakaouliza juu ya stara. Akiwepo tabibu wa kike, huyo ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu wa kiume kwa kiasi cha dharura. Uhai wa Muislamu hauwekwi rehani kwa ajili ya kusubiri zamu ya kesho.

Waume, neno hili linatuhusu kwanza. Allah ametukumbusha katika Surat Luqman na Surat Al-Ahqaf taabu ya mama katika kubeba na kuzaa, nasi huzisoma aya hizo tukiwakumbuka mama zetu. Tuzisome pia tukimwangalia aliyelala chumbani mwetu. Muulize mkeo kila asubuhi na kila jioni: damu ikoje, kichwa kikoje, umelala? Weka akiba ya nauli, na jina la mwenye gari anayepokea simu usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aonekane na mhudumu wa afya kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Tarehe hizo mpeleke wewe, usingoje aumwe.

Nanyi mama zetu mnaouguza, mkono wenu una baraka. Kandeni kwa maji ya vuguvugu, msiliminye tumbo kwa nguvu, na mzazi akisema "hapa si kawaida", mwaminini. Mlipozaa ninyi mlivumilia, na wapo wenzenu waliovumilia pamoja nanyi ambao leo tunawaombea rehema.

Kwa upande wangu, tangu usiku ule, kila anayekuja ofisini kuniuliza hukumu ya nifasi, mimi huanza kwa kumuuliza hali ya mzazi. Nikisharidhika na hali yake, ndipo ninapofungua kitabu. Nawaomba maimamu na walimu wenzangu nao wafanye hivyo.

Allah awape afya wazazi wetu, awakuze watoto wao katika kheri, na atusamehe pale tulipojibu bila kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.