Mpaka una pande mbili

Katika Kiswahili, neno "mpaka" lina kazi mbili. Linataja mstari unaotenga watu, na pia linatufikisha mahali: tunatoka Goma mpaka Gisenyi. Kwa maoni yangu, sanaa inayokabili kuta za siasa ipimwe kwa maana hiyo ya pili.

Kabla ya 1989, Ukuta wa Berlin ulijaa michoro, lakini upande wa magharibi tu. Mashariki walilinda askari, na ukuta ulibaki mtupu. Rangi hiyo haikupata jibu.

Tarehe 28 Julai 2019, Ronald Rael na Virginia San Fratello walipenyeza bembea tatu za rangi ya waridi kati ya nguzo za chuma zinazotenga Marekani na Meksiko. Mtoto wa Ciudad Juárez hakupanda juu mpaka mwenzake wa Sunland Park ashuke. Mchezo ulidumu dakika kama 40.

Wengine watasema ukuta haukuanguka. Ni kweli. Lakini siasa ya ukuta huishi kwa kutuaminisha kwamba jirani hana kazi kwetu, na bembea ziliumbua uongo huo.

Basi sisi wa lugha, tukitunga tamthilia au shairi juu ya mipaka yetu, tutunge pamoja na wenzetu wa ng'ambo.