Biharusi wa Ustawi wa Jamii, Kazi Usiiache

Msimu wa harusi umepamba moto, na katika mazungumzo ya posa siku hizi kuna neno moja ambalo sisi halituingii kabisa: mume hana tatizo mke afanye kazi, ila isiwe "kazi ya kuzunguka". Ualimu sawa, benki sawa. Lakini afisa ustawi wa jamii, anayepigiwa simu na sheha saa nne za usiku akatoka pamoja na polisi, huyo hapana.

Hebu tuseme kwa nini simu ile hupigwa usiku. Mtoto akibakwa, dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi ndiyo bora zaidi. Lazima afikishwe kituo cha Mkono kwa Mkono, apimwe, maelezo yake yaandikwe, na nguo zake zisifuliwe. Sasa mtoto wa kike wa miaka tisa, aliyedhuriwa na mwanamme, nani akae naye amsikilize? Na watu wazima wakianza kunong'onezana yaishe nyumbani ili kuficha aibu, nani awaambie haiwezekani? Tunataka awe mwanamke mwenzetu, halafu siku ya nikaha tunamwambia aache. (Na wanaosema sana ndio hao hao wanaotaka daktari wa kike wake zao wakijifungua.)

Wala dini haiko mbali na kazi hii. Bi Zainab bint Khuzayma, mke wa Mtume (S.A.W.), alijulikana kwa jina la Ummul-Masakin, Mama wa Masikini.

Isitoshe, anayezunguka shehia leo ndiye wa kukalia kiti cha mkurugenzi kesho. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inawalipa pencheni jamii wazee wa miaka 70 na zaidi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kwa asiyewahi kuajiriwa. Mfikirie bibi aliyesuka ukili na kuvuna mwani miaka yote: hana mwajiri, hana kiinua mgongo. Mpango kama huo unataka kiongozi aliyekwisha kuingia uani kwake, anayejua pesa zikitoka ni nani katika nyumba ile hujitolea kuzishika. Ujuzi huo haupatikani kwa kuacha kazi mwaka wa pili na kurudi watoto wakishakua.

Basi lizungumzeni kabla mahari hayajapokelewa. Mwambie mwenzio wazi habari ya zamu, simu za usiku na safari za Pemba. Mkikubaliana, liandikwe na mashahidi walijue. Kwa madhehebu yetu ya Shafii si kila sharti la mke humfunga mume, kwa hiyo muulizeni kadhi mapema. Na mama mkwe naye aambiwe, maana huenda ndiye atakayebaki na mtoto simu ikilia.