Lengo Lisiloandikwa Husahaulika

Kila Januari wengi wetu huapa kuweka akiba. Ifikapo Pasaka, kiapo kimesahaulika, na karo ya muhula wa pili yadaiwa.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, huandika mazoezi yake daftarini. Nasi tumuige. Usiseme "nitaweka akiba". Sema "shilingi 200 kila Jumamosi". Kwa wiki 52, hizo ni shilingi 10,400. Mwanafunzi naye aseme "hesabu tano kila jioni".

Kila utimizapo, tia alama kwenye kalenda ya ukutani. Ukikosa wiki moja, usife moyo. Acha pengo lionekane, kisha uendelee. Desemba, kalenda haitakuficha ukweli.